Kupatanisha Orodha za Miswada ya Kiswahili

Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu haikukaa mahali pamoja. Mingine imo Dar es Salaam, katika maktaba ya Chuo Kikuu. Mingine imo London, katika chuo cha SOAS. Mingine imo Ujerumani, katika miji ya Hamburg na Berlin. Na mingine ingali masandukuni katika nyumba za Amu, Mombasa na miji mingine ya pwani. Kila maktaba ina orodha yake. Siku hizi, kwa kuwa kompyuta zimerahisisha kazi, watu huzitwaa orodha hizo na kuzimimina katika kanzidata moja, ili mtafiti aliyeko Nairobi aweze kuuliza mara moja kuna nini na kiko wapi. Nia hiyo ni njema. Lakini orodha zikishamiminwa pamoja huonekana kwamba haziafikiani: chuo kimoja kina majina manne, mtu mmoja amekuwa watu watatu, na nakala moja imehesabiwa mara mbili.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza sababu za tofauti hizo na kuonyesha namna ya kuzipatanisha. Hoja yetu ni kwamba kupatanisha si kufuta. Maelezo ya kila orodha ni ushahidi wa mtu fulani aliyeushika mswada mkononi wakati fulani, na ushahidi hautupwi kwa sababu haulingani na wa mwingine. Kazi ya mpatanishi ni kuziunganisha orodha chini ya jina moja lililokubaliwa, na wakati huo huo kuliacha kila neno la asili mahali pake, pamoja na jina la aliyelisema na mwaka aliolisema. Atakayefanya kinyume cha hayo atapata orodha safi ya kupendeza macho, lakini atakuwa ameifuta sehemu ya historia ya vyuo vyenyewe.

I. Orodha zilivyopatikana

Orodha tulizo nazo hazikutungwa kwa nia moja wala kwa wakati mmoja. W. E. Taylor alikusanya mashairi Mombasa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na kwa juhudi yao tulipata tungo nyingi za Muyaka bin Haji ambazo William Hichens alizitoa kitabuni mwaka 1940. C. G. Büttner alichapisha huko Berlin mkusanyo wake wa maandiko ya Kiswahili mwaka 1894. Alice Werner na Hichens walipata miswada yao aghalabu kwa kuandikiana barua na wanakili wa pwani. Ernst Dammann alikaa Amu katika miaka ya 1936 na 1937, lakini orodha yake kubwa ya miswada iliyoko Ujerumani haikutoka mpaka mwaka 1993. J. W. T. Allen alizunguka pwani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake, yenye miswada na kanda za sauti pia, ilichapwa Leiden mwaka 1970.

Basi huyu alikuwa mmisionari aliyetaka kujua lugha, yule alikuwa mwalimu wa chuo aliyetaka maandiko ya kufundishia, na mwingine alitaka kuokoa vyuo visiliwe na mchwa. Mmoja aliandika orodha kwa Kiingereza, mwingine kwa Kijerumani. Mmoja alifuata tahajia ya Kiswahili Sanifu iliyokubaliwa katika miaka ya 1930. Mwingine aliandika kabla haijakuwapo, na akatumia alama zake mwenyewe kutofautisha sauti za Kimvita au Kiamu. Si ajabu orodha hizo zikiwekwa pamoja zikatazamana kama wageni.

Hata majina ya maktaba zenyewe yalibadilika. SOAS iliitwa Chuo cha Masomo ya Mashariki tu hadi mwaka 1938, ndipo neno la Afrika likaongezwa. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964, na mwaka 2009 ikaingia katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kama chuo kishiriki, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mtu akikuta mswada umetajwa mara moja kuwa ni mali ya Kamati na mara nyingine kuwa ni mali ya Chuo Kikuu, asidhani upesi kwamba ni miswada miwili.

II. Herufi na masomo yake

Sababu ya kwanza ya tofauti imo katika herufi zenyewe. Herufi za Kiarabu, kama zilivyotumiwa na waandishi wa zamani wa pwani, hazikutenga sauti zote za Kiswahili. Sauti za i na e ziliandikwa kwa alama moja ya kasra, na za u na o kwa alama moja ya dhamma. Herufi ya ba ilisimama badala ya b na ya p, na ya fa ilisimama badala ya f na v. Ving'ong'o vilivyotangulia konsonanti, kama vile m katika mb na n katika nd, aghalabu havikuandikwa kabisa. Kwa hivi neno lililoandikwa kwa ba mbili zenye fatha laweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba, na ni maana ya maneno yanayolizunguka tu itakayoamua.

Msomaji aliyezaliwa Amu hapati taabu, kwa sababu anaijua lugha kabla ya kuyaona maandishi. Lakini mwandishi wa orodha aliyekuwa mgeni, tena mwenye ukurasa mmoja tu wa jina mbele yake, alilazimika kukisia. Akikisia vema, orodha yake yaafikiana na ya mwenzake. Akikisia vingine, panazaliwa chuo kipya ambacho hakikuandikwa na mtu yeyote. Pia wako waliotumia alama maalumu, kama k yenye nukta chini yake katika jina la Herekali, kuonyesha herufi ya qafu. Alama hizo zilipopitishwa katika kompyuta za zamani nyingi zilipotea au ziligeuka kuwa alama zisizo na maana. Hata leo, ambapo utaratibu wa Unicode wawezesha herufi zote hizo kuandikwa, mashine isiyofundishwa huona k yenye nukta na k isiyo na nukta kuwa ni vitu viwili.

Dawa yake ni kutenga mambo matatu ambayo orodha nyingi zimeyachanganya: kwanza, jina kama lilivyoandikwa mswadani kwa herufi za Kiarabu, pili, herufi hizo zilivyobadilishwa moja moja kuwa za Kirumi bila kuongeza wala kupunguza, tatu, jina lilivyosomwa, na nani aliyelisoma hivyo. Ikiwa masomo ni mawili, yote mawili yaandikwe. Mtu wa baadaye anayeijua lugha ya mahali huenda akaona kwamba somo lililodharauliwa ndilo la kweli.

III. Majina ya vyuo

Watunzi wa zamani hawakuwa na ukurasa wa mbele wenye jina la kitabu kama ilivyo katika vitabu vya kupigwa chapa. Chuo kilijulikana kwa habari iliyomo, au kwa jina la aliyekitunga. Kwa sababu hii jina moja halikuwa na nguvu kuliko jingine.

Mfano ulio bora ni ule utendi mrefu wa Mwengo bin Athumani wa Pate, wenye zaidi ya beti 1100, unaosimulia vita baina ya Waislamu na mfalme wa Rumi. Wengine wameuita Chuo cha Herekali, kwa jina la huyo mfalme; na kwa matamshi ya kaskazini, Kyuo kya Herekali. Wengine huuita Utendi wa Tambuka, kwa jina la mahali, yaani Tabuk ya Waarabu iliyopata king'ong'o katika vinywa vya Waswahili. Wengine tena, wakifuata Kiswahili Sanifu, huandika Utenzi wa Tambuka au Utenzi wa Herkal. Basi katika orodha iliyopangwa kwa mfuatano wa herufi, chuo hiki kimoja chaweza kuwekwa chini ya C, chini ya K, chini ya U, na pengine chini ya T au H kwa yule aliyeliruka neno la kwanza.

Mfano wa pili ni ule utungo mashuhuri wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Huitwa Inkishafi, au Al-Inkishafi, au Utenzi wa Inkishafi. Na Hichens alipoutoa mwaka 1939 aliupa pia jina la Kiingereza. Herufi mbili za Kiarabu zinazotangulia jina zatosha kuupeleka kutoka I mpaka A. Waandishi wa orodha za Kiarabu wamezoea kuziruka herufi hizo katika kupanga. Waandishi wengine hawakuzoea.

Tofauti ya utendi na utenzi nayo haifai kuchukuliwa kuwa ni kosa la tahajia. Utendi ni matamshi ya Amu na jirani zake. Utenzi ni ya kusini na ya Kiswahili Sanifu. Mpatanishi akibadilisha kila utendi kuwa utenzi ili orodha ilingane, ameondoa alama inayomwambia mtafiti chuo kilipita kwa watu gani. Na neno chuo lenyewe, ambalo zamani maana yake ilikuwa kitabu, likibadilishwa kuwa utenzi, twapoteza habari kwamba wenyeji walikihesabu kuwa ni kitabu kamili cha kuwekwa na kurithiwa.

IV. Majina ya watu

Katika majina ya watu taabu huzidi, kwa kuwa mswada mmoja una watu wengi nyuma yake: yuko aliyetunga, yuko aliyetafsiri ikiwa asili yake ni Kiarabu, yuko aliyenakili, yuko aliyekuwa na chuo nyumbani kwake, na yuko aliyekikusanya na kukipeleka maktabani. Orodha nyingi zina nafasi moja au mbili tu za kuandika watu. Ule utaratibu mwepesi wa maelezo uitwao Dublin Core, ulioanza mwaka 1995 na kuwa na vipengele 15, una nafasi ya muundaji na nafasi ya mchangiaji. Ukiimimina orodha nono katika utaratibu huo bila uangalifu, mnakili, mwenye chuo na mkusanyaji wote hulundikana katika nafasi moja, na hapana tena ajuaye nani alifanya nini.

Tumtazame Muhamadi Kijuma wa Amu, aliyezaliwa karibu na mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Huyu alikuwa mnakili mwenye mkono mzuri, mchonga mbao, na mshairi. Aliwanakilia Werner, Hichens na Dammann. Orodha zamtaja kwa jina la Muhamadi Kijuma, au Kijumwa, au Muhammad bin Abubakari, na pengine kwa nyongeza ya Masihii. Asiyejua atahesabu watu watatu au wanne. Tena katika miswada mingi yeye ni mnakili tu; lakini Utenzi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913 ni utungo wake mwenyewe. Mwenye kupatanisha akimfanya mtungaji kila mahali, amewanyang'anya wengine tungo zao. Na akimfanya mnakili kila mahali, amemnyang'anya yeye wake.

Jina la Liyongo lenyewe ni mtego. Katika utenzi uliotajwa sasa hivi, Liyongo ndiye anayesimuliwa. Katika mashairi mengine mengi, mapokeo yasema kwamba Liyongo ndiye mtungaji. Katika Takhmisi ya Liyongo, maneno ya asili yahesabiwa kuwa yake, lakini mishororo iliyoongezwa ni ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Mashine inayolinganisha majina kwa kufanana kwa herufi itaviweka vyote hivi pamoja kwa furaha. Itavitenganisha pia vitu vilivyo kimoja, ikiwa mmoja ameandika Liyongo na mwingine Liongo.

Hamziya yatufundisha jambo jingine. Asili yake ni shairi la Kiarabu la al-Busiri. Kiswahili chake ni cha Sayyid Aidarusi bin Athumani. Iko miswada iliyoandikwa mstari wa Kiarabu na chini yake mstari wa Kiswahili. Mtunza maktaba wa upande wa Kiarabu ataiandika kuwa ni Kiarabu na mtungaji ni al-Busiri. Wa upande wa Kiswahili ataiandika kuwa ni Kiswahili na mtungaji ni Sayyid Aidarusi. Wote wawili wamesema kweli, na kila mmoja amesema nusu yake. Ni lazima lugha mbili na watu wawili waandikwe, kila mmoja na kazi yake.

Kuna pia desturi ya Ulaya ya kulitanguliza jina la mwisho. Desturi hiyo imemfanya Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga wasia wake mashuhuri kwa binti yake, aweze kuwekwa chini ya Mshamu, yaani chini ya jina la baba. Msomaji atafutaye Mwana Kupona hamwoni. Mwingine, akijua kwamba Mwana ni neno la heshima, huliondoa na kuacha Kupona peke yake, jina ambalo hakuna mtu wa pwani amtambuaye kwalo. Sayyid, Sheikh, Bwana, Fumo na Mwana si maneno ya namna moja: mengine yaweza kuachwa bila hasara, na mengine yameshikamana na jina mpaka yamekuwa sehemu yake.

Katika jambo hili hatukosi sheria ya kutegemea. Mkutano wa wakutubi uliofanyika Paris mwaka 1961 ulikubaliana kwamba namna ya kupanga jina la mtungaji ifuate mazoea ya nchi yake, na ikishindikana, mazoea ya lugha aliyoitumia. Kanuni hiyo yawapa wenye lugha haki, na pia wajibu. Ikiwa wataalamu wa Kiswahili hawatasema jinsi majina ya Waswahili yapasavyo kupangwa, watu wa mbali watalisema kwa niaba yao, tena kwa nia njema kabisa.

V. Tarehe

Tarehe katika miswada ni za Hijra, na mwaka wa Hijra hauanzi Januari. Mwaka 1141, unaohusishwa na utendi wa Mwengo, ulianza Agosti 1728 na kwisha Julai 1729. Orodha ziandikapo 1728 peke yake zimechagua nusu ya mwaka bila kusema zimechagua. Mwaka 1275, unaohusishwa na utendi wa Mwana Kupona, ulianza Agosti 1858 na kwisha Julai 1859. Ikiwa mwezi umetajwa mswadani, hesabu yawezekana kufanywa kwa hakika zaidi. Usipotajwa, iandikwe miaka yote miwili. Na kwa vyovyote mwaka wa Hijra usiondolewe, kwa maana huo ndio ulioandikwa, na ule mwingine ni hesabu yetu.

Jambo kubwa zaidi ni kujua tarehe ni ya kitu gani. Iko tarehe ya kutunga, iko ya kunakili, iko ya kukusanya, na iko ya kuingia maktabani. Utungo wa karne ya 18 waweza kuwa katika karatasi ya karne ya 20. Tena yako majina yenye mwaka ndani yake: utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima una mwaka 1307 katika jina, yaani kati ya Agosti 1889 na Agosti 1890. Huo ni mwaka wa tukio linalosimuliwa. Mashine ikiokota tarimu hizo na kuziweka katika nafasi ya tarehe ya mswada, imefanya tukio kuwa karatasi.

VI. Utungo, nakala na picha ya nakala

Hapa ndipo penye madhara makubwa kwa elimu. Kile ambacho orodha moja hukiita kwa jina fulani chaweza kuwa utungo, chaweza kuwa nakala moja ya utungo, na chaweza kuwa picha ya nakala iliyoko mahali pengine. Wakutubi wa mataifa walitoa mwaka 1998 mpango wa kutenganisha ngazi hizi: kazi yenyewe, sura yake ya maneno, toleo lake, na kitu kinachoshikika mkononi. Mpango huo ulifikiriwa hasa kwa vitabu vya chapa, lakini wafaa kwa miswada pia, ikikumbukwa kwamba kila nakala ya mkono ina sura yake ya maneno.

Tuseme mhariri ataka kutoa utendi fulani upya. Anauliza kanzidata, naye anajibiwa kwamba nakala ni nne. Anaona kwamba tatu zaafikiana katika neno lenye shaka, na moja yapingana nazo. Atafuata tatu. Lakini huenda mbili kati ya hizo tatu ni mswada mmoja na filamu yake, iliyopigwa na kupelekwa maktaba nyingine. Na ya tatu imetoka katika mkono wa mnakili yule yule, aliyeinakili kwa mteja mwingine mwaka uliofuata. Mashahidi watatu wamekuwa mmoja. Ile nakala ya peke yake, iliyopuuzwa, yaweza kuwa ndiyo iliyohifadhi neno la mtungaji. Basi kosa lililoanza katika orodha limeingia katika matini, na kutoka huko litaingia katika kamusi na katika vitabu vya shule. Upatanishi wa orodha ni kazi ya mtunza maktaba, na ni mwanzo wa uhakiki pia.

VII. Namna ya kupatanisha

Baada ya kuyaona hayo, twapendekeza mambo yafuatayo kwa yeyote anayeianza kazi hii.

Kwanza, orodha ya kila taasisi iingizwe kama ilivyo, na isiguswe. Masahihisho yawekwe kando yake, wala si juu yake.

Pili, utungo upewe namba yake, nakala ipewe yake, na mtu apewe yake. Namba hizo zisiwe na maana ndani yake, wala zisitegemee anwani ya mtandao. Maktaba ya Uingereza, ambayo imehifadhi picha za miswada ya msikiti wa Riyadha wa Amu, ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta Oktoba 2023, na huduma zake nyingi za mtandao zikazimika kwa muda mrefu. Anwani iliyokufa isiuue utambulisho wa chuo.

Tatu, pachaguliwe jina moja la kuonyesha, na majina mengine yote yabaki kama njia za kulifikia. Mfano mwema upo: ile orodha ya pamoja ya majina iitwayo VIAF, iliyokubaliwa mwaka 2003 baina ya maktaba kuu za Marekani na Ujerumani pamoja na shirika la OCLC, hukusanya majina ya mtu mmoja kutoka maktaba nyingi bila kuilazimisha maktaba yoyote iache lake.

Nne, kila kauli iwe na mwenyewe na kiasi cha uhakika wake. Kusema "mtungaji ni fulani" hakutoshi. Yafaa kusema kwamba fulani ametajwa ndani ya utungo, au ametajwa na mnakili mwishoni, au amesemwa na mkusanyaji, au amekisiwa na mwandishi wa orodha.

Tano, mashine ipendekeze, mtu aamue. Kulinganisha maneno ya ufunguzi hakutoshi, kwa kuwa tendi nyingi hufunguliwa kwa Bismillahi na sifa za Mungu kwa maneno yanayokaribiana. Yafaa kulinganisha ubeti wa kwanza wa habari yenyewe, ubeti wa mwisho, na hesabu ya beti.

Kwa kuonyesha, maelezo ya chuo kilichotajwa juu yangekuwa hivi:

Jina la kuonyesha: Utendi wa Tambuka.
Majina mengine: Chuo cha Herekali, Kyuo kya Herekali, Utenzi wa Tambuka, Utenzi wa Herkal.
Mtungaji: Mwengo bin Athumani, pia Bwana Mwengo.
Tarehe iliyotajwa: 1141 ya Hijra, kwa hesabu yetu, Agosti 1728 hadi Julai 1729, yahusu utungo, wala si lazima ihusu karatasi ya kila nakala.
Nakala: kila moja na namba yake, mahali ilipo, mnakili wake, na nakala iliyotokana nayo ikiwa yajulikana.
Waliosema: kila jina na tarehe pamoja na orodha iliyotokea.

Maelezo haya ni marefu kuliko kadi ya maktaba ya zamani, lakini hayana neno lililopotea.

VIII. Mwisho

Yafaa kukumbuka kwamba mikusanyo mingi yaitwa kwa majina ya waliokusanya: mkusanyo wa Taylor, wa Werner, wa Dammann, wa Allen. Hapana ubaya, watu hao walifanya kazi, na kazi yao istahili kutajwa. Lakini mtu akitafuta katika kanzidata akawaona wakusanyaji kwanza, na watunzi na wanakili nyuma yao kwa majina yaliyovunjika, basi orodha imesimulia historia kwa kuanzia mwisho. Upatanishi mwema humrudisha Mwengo, na Mwana Kupona, na Sayyid Aidarusi, na Kijuma, kila mmoja mahali pake na kwa jina ambalo watu wake walimwita.

Kazi hiyo haiwezi kumalizwa katika maktaba peke yake. Wako wazee pwani wanaojua mkono wa mnakili fulani kwa kuutazama tu, na wanaojua chuo kiliitwaje nyumbani kabla hakijasafiri. Orodha za pamoja zipelekwe kwao pia, wazisome na kuzisahihisha, na kauli zao ziandikwe kwa majina yao kama tunavyoandika kauli za maprofesa. Wao pia ni mashahidi, na miaka ya kuwauliza haiongezeki.